Mlima kwa Gia ya Tatu

Pikapu ile ilipoletwa nyumbani mara ya kwanza ilipanda mlima kwa gia ya kwanza, na mtu mwenye miguu mizima aliweza kutembea kando yake akipiga soga na dereva. Hilo halikumsumbua mtu yeyote mpaka mafuriko yaliposomba daraja la barabara ya chini. Kuanzia hapo njia pekee ya kufika hospitali kubwa ikawa ile ya mlimani, iliyochongwa zamani na watu wa machimbo ya mawe. Machimbo yalikuwa yamefungwa. Hakukuwa na basi wala mtandao wa simu huko juu, na siku nyingine ulipita mlima mzima bila kukutana na chochote zaidi ya wachoma mkaa wakisukuma baiskeli.

Mama mkwe wa fundi mwenye pikapu hiyo alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Figo zake zilikuwa zimekufa, na maji aliyokunywa yalibaki mwilini mpaka mashine iyatoe. Akikosa siku moja miguu ilivimba. Akikosa ya pili maji yalipanda kifuani na akaanza kulala ameketi. Mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi, kwa hiyo aliyechelewa kiti chake kilipewa mwingine aliyekuwa akisubiri kwenye benchi. Hakukuwa na mtu mbaya katika mpango huo. Ulikuwa ndio mpango pekee uliowezekana.

Fundi mwenyewe gerejini walimwita Pumzi, kwa sababu kila gari lililoletwa aliliwekea sikio kwenye boneti na kutoa hukumu ileile: halipumui vizuri. Kazi yake ilikuwa kuzipa pikapu za dizeli nguvu ambazo kiwanda hakikuzipa. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili isukume hewa nyingi ndani. Kiwanda huweka kijimlango kinachofunguka presha ikifika kiwango fulani, moshi wa ziada upite pembeni na feni isizidi mbio. Pumzi alikuwa akikata mpira mwembamba unaokipa kijimlango hicho habari za presha, na kuchomeka katikati kidude cha shaba chenye gololi na springi. Kidude hicho kilikidanganya kijimlango. Kikachelewa kufunguka, feni ikaongeza mbio, injini ikapata hewa zaidi. Kisha alikaza skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke, na mwisho akang'oa kikasha cha chujio la hewa, chenye mdomo mwembamba, na kufunga mahali pake chujio la duara, pana kama sufuria, lililo wazi pande zote.

Pikapu ya nyumbani aliifanyia hivyo hivyo wiki ileile daraja lilipokwenda. Ikapanda mlima kwa gia ya tatu. Mke wake ndiye aliyeendesha, kwa kuwa fundi alikuwa gerejini, na safari ambayo ingemla mama mkwe asubuhi nzima ikawa fupi kiasi kwamba walifika kiti kikiwa bado chake. Kikasha cha zamani kilibaki gerejini, wakakifanya chombo cha kuwekea nati.

"Mkwe," mama mkwe alimwambia siku moja, "gari lako linapiga miluzi kama vijana wa kijiweni. Nikipita nalo kwa watu naona haya."

"Ni turbo, mama."

"Najua ni turbo. Ulinieleza mpaka nikasinzia."

Asubuhi ya tukio, fundi alifungua mpira mkubwa unaotoka kwenye turbo na kuingiza kidole. Kidole kilitoka na oili. Akashika ncha ya ekseli ya feni na kuitikisa. Ilicheza. Ekseli nzima haichezi hivyo. Sili iliyozuia oili isipite kwenye njia ya hewa ilikuwa imeanza kuchoka, na hilo lilieleza kwa nini wiki ile alikuwa ameongeza oili mara mbili na kwa nini moshi wa asubuhi ulikuwa na rangi ya samawati.

Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Angeweza kulegeza skrubu ya kile kidude, presha irudi ya kiwandani, turbo ipumzike, na mlima upandwe kwa gia ya kwanza. Wangechelewa. Mama mkwe alikuwa tayari amekosa siku mbili kwa sababu ya mvua, na usiku huo alikuwa amelala ameketi, mito mitatu mgongoni. Au angeiacha ilivyo.

Akachukua kitambaa, akaifuta oili yote ndani ya mpira mpaka ukakauka, akaufunga. Kuifuta hakukuwa na faida yoyote ya kiufundi. Mke wake alikuwa akija na ufunguo.

"Leo naenda na nyinyi," alimwambia.

"Na gereji?"

"Ipo. Haikimbii."

Mke alimtazama kidogo, kisha akatazama kitambaa mkononi mwake. "Baba watoto, gari lina nini?"

"Lina umri."

Walimbeba mama mkwe wakamketisha katikati. Miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba kiatu pekee kilichoiingia ni kandambili za mpira za marehemu mumewe, pana kama vibao. Alikuwa akihema, akisema kwa maneno mafupi. Hata hivyo alipoona fundi anapanda upande wa mlango alisema, "Leo nina walinzi. Lazima nitakuwa nimeiba kitu."

Chini ya mlima gari lilikwenda vizuri. Fundi hakutazama barabara. Alitazama kioo cha pembeni, moshi ukitoka, na kusikiliza mluzi. Mluzi ulikuwa na mkwaruzo ndani yake, mdogo. Kwenye mwinuko wa kwanza, mke alipoweka gia ya tatu na kukanyaga mafuta, injini iliinua sauti kabla gari halijaongeza mwendo. Hiyo ilikuwa klachi. Nguvu alizoziongeza fundi zilikuwa zimezidi uwezo wake, na ilikuwa ikiteleza tangu mwezi uliopita. Alikuwa amejiambia itasubiri.

"Unaisikia?" mke aliuliza.

"Naisikia."

"Wiki nzima nakwambia."

"Endesha, mama watoto. Kona inakuja."

"Msigombane," mama mkwe alisema. "Mkigombana mimi ndiye nakaa katikati."

Walikuwa wamepita nusu ya mlima, mahali ambapo upande mmoja ni ukuta wa mawe na upande mwingine ni korongo, sauti ilipobadilika. Mke aliondoa mguu kwenye mafuta ili apinde kona, na injini haikushuka. Ilipanda. Nyuma yao barabara ilipotea ndani ya moshi mweupe wenye rangi ya samawati, mzito kama pamba.

"Sijakanyaga," mke alisema. "Mguu wangu huu hapa. Sijakanyaga."

"Breki. Kanyaga na klachi."

Gari lilisimama. Injini, ilipoachiwa mzigo, ikapiga ukelele ambao fundi alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, kwenye gari la mtu mwingine. Mke alizima ufunguo. Taa za dashibodi zikazimika. Alichomoa ufunguo kabisa na kuushika juu, mbele ya macho yake, kama mtu anayetaka kushuhudiwa. Injini iliendelea.

Sili ilikuwa imekwisha. Turbo sasa ilikuwa inanyonya oili ya injini na kuipuliza ndani, na injini ya dizeli haihitaji cheche. Inaunguza oili kama inavyounguza dizeli. Ufunguo hukata dizeli tu. Oili haina wa kuikata. Kadiri injini ilivyokwenda mbio ndivyo turbo ilivyozidi kuzunguka, na kadiri turbo ilivyozunguka ndivyo oili ilivyozidi kuingia. Ingeendelea hivyo mpaka oili iishe na vyuma vishikane, au mpaka fimbo moja ya pistoni ikatike na kutoboa ubavu wa injini. Vyovyote vile, gari lingebaki pale, na wao pale, na kiti cha mama mkwe ng'ambo ya mlima.

"Weka ya tano," fundi alisema. "Shika breki kwa nguvu zako zote, uachie klachi. Itazimika."

Aliweka. Akaachia. Gari lilitetemeka, na kwa muda mfupi sauti ilishuka. Kisha harufu ya kuungua ikajaa ndani na sauti ikapanda tena. Klachi ilikuwa inateleza. Ingekuwa nzima, ingeishika injini na kuinyonga hapo hapo.

"Mtoe mama," fundi alisema. "Mpeleke mbali na boneti, nyuma ya lile jiwe."

"Hawezi kutembea."

"Mbebe."

Mke alishuka, akageuka, akamvuta mama yake mgongoni kama anavyobebwa mtoto. Mama mkwe alikuwa akitafuta hewa kwenye moshi ambao haukuwa na hewa. Kandambili moja ilibaki sakafuni.

Fundi alifungua boneti. Kitu kimoja tu kilibaki: hewa. Injini isipopata hewa inakufa, hata iwe inakula nini. Kama kile kikasha cha zamani kingekuwapo, tambara moja kwenye mdomo wake mwembamba lingetosha. Mbele yake lilikuwa chujio pana, lililo wazi pande zote, ambalo alilinunua kwa sababu hakuna kinachoweza kuliziba.

Alivua koti akalizungushia. Injini ilivuta koti mpaka likakakamaa juu ya chujio, sauti ikashuka, na akadhani imekubali. Kisha hewa ikapata njia kwenye mikunjo, na ikapanda tena. Akalitupa koti. Akachukua bisibisi kwenye mfuko wa suruali, akainama juu ya injini inayopiga kelele, na kuanza kulegeza klipu ya chujio. Bisibisi iliteleza mara kadhaa. Joto lilimchoma mkono na hakuuondoa. Chujio likatoka. Nyuma yake palikuwa na mdomo wa bomba, wazi, ukinyonya hewa kwa sauti yake mwenyewe.

Hakuweka kiganja. Alimjua fundi aliyeweka kiganja. Alirudi mlangoni, macho yakitafuta kitu cha bapa, kigumu kiasi, laini kiasi, na sakafuni akaona kandambili ya marehemu baba mkwe. Aliishika upande wa vidole, penye mikanda, na kuupeleka mdomoni mwa bomba upande wa kisigino, ambao ulikuwa bapa.

Bomba liliunyakua. Mpira uliinama ndani kidogo, ukashika. Injini ikakohoa, ikatikisika kama inataka kutoka kwenye vyuma vyake, ikanyamaza.

Ukimya ulikuwa mkubwa hivi kwamba alisikia mama mkwe akihema nyuma ya jiwe.

Mke alikuja akikimbia. "Imekufa?"

"Imezimika. Kufa hatujui."

"Mama anapata shida. Midomo yake si rangi yake." Alisema bila kupandisha sauti, kama anasoma. "Tunafanya nini?"

Fundi alitazama barabara juu na chini. Hakukuwa na kitu. Kuteremka kurudi nyumbani kuliwezekana hata bila injini, na kungekuwa kumrudisha mgonjwa mahali ambapo hapana mashine.

"Naondoa turbo kwenye njia," alisema. "Nipe ile oili nyuma ya kiti. Na koleo."

Akaung'oa mpira mkubwa ulioleta hewa kutoka kwenye turbo. Chujio akalifunga moja kwa moja kwenye mdomo wa injini, turbo ikabaki pembeni, isiyo na pa kupeleka oili. Kijibomba chembamba cha kuipelekea oili alikikunja kwa koleo, akakiponda kwa jiwe mpaka kikawa bapa, akakikunja tena. Turbo ingezunguka kavu na kuharibika kabisa. Ilikuwa imekwisha kuharibika. Skrubu ya pampu aliirudisha ilikokuwa siku gari lilipoletwa, kwa sababu injini isiyo na hewa ya ziada haiwezi kula dizeli ya ziada. Akamimina oili yote iliyokuwa kwenye kopo na kupima kwa kijiti. Haikufika alama ya chini. Ilikaribia.

"Na klachi?" mke aliuliza.

"Klachi itashika."

"Imeteleza mbele ya macho yangu."

"Iliteleza kwa nguvu nilizoongeza. Sasa hazipo."

Mke alimtazama. Alikuwa na swali jingine, na lilikuwa linahusu kitambaa cha asubuhi. Hakuliuliza. Alikwenda kumleta mama yake.

Gari liliwaka mara ya tatu, kwa kugonga na moshi mweusi. Mke aliweka gia ya kwanza. Fundi alichukua jiwe kubwa kama kichwa cha mtu na kushuka, apunguze uzito, na akatembea nyuma ya gurudumu la kushoto ili likianza kurudi alizuie. Gari lilipanda kwa mwendo wa mtu. Klachi ilishika. Kwenye kona kali injini ilizama mpaka ukaweza kuhesabu mapigo yake, na mara mbili aliliweka jiwe, mara mbili akaliokota. Kupitia kioo cha nyuma aliona kichwa cha mama mkwe begani kwa binti yake, na bega la binti likipanda na kushuka kwa sababu ya usukani tu.

Wakati fulani alisikia sauti ya mama mkwe, nyembamba. "Mkwe anafanya nini huko nyuma?"

"Anatembea, mama."

"Mwambie asituache."

Hakuna aliyecheka, lakini mke alitoa mkono nje ya dirisha na kupiga mlango mara moja, na fundi akaelewa kuwa mama mkwe bado anaongea.

Kileleni alilitupa jiwe kwenye bodi ya nyuma ya pikapu na kurukia humo. Waliteremka. Mbele ya nyumba za kwanza za mjini turbo ilisaga, ikalia kwa muda mfupi, ikashikana, na kuanzia hapo injini ilihema kupitia chuma kilichokufa. Ilizimika yenyewe ndani ya geti la hospitali, na mke akaiacha iserereke mpaka kwenye ukuta.

Kitini mwake alikuwa amekaa mtu mwingine. Nesi aliyezoeana na mama mkwe alimpa mtungi wa oksijeni, akampima, akatoka kwenye ukumbi.

"Akitoka yule namuweka," alisema. "Ila siwezi kumpa muda wote. Kuna wengine nyuma yake. Nitamtolea maji kiasi apumue. Keshokutwa aje mapema, apate muda mzima. Mapema kweli, si kama leo."

"Na akichelewa tena?" mke aliuliza.

Nesi alitazama benchi la wanaosubiri, kisha akafunga mlango taratibu.

Walikwenda kukaa kwenye kingo za gari. Mke alisema, "Niambie ukweli. Keshokutwa gari litapanda?"

"Hapana."

"Na mara inayofuata?"

"Turbo imeshikana. Oili imepungua na sijui imeunguza nini ndani. Klachi itakufa kwenye kona ya kwanza yenye mzigo. Litashuka mlima. Kupanda halitapanda."

"Na asubuhi ulijua?"

"Turbo nilijua. Klachi nilijua."

"Ungeniambia, ningesema twende," mke alisema. "Lakini ningesema mimi."

Mlinzi wa geti alikuja na rungu kwapani. Alikuwa mtu mzima mwenye sare iliyopauka. "Jamani, gari hairuhusiwi kulala hapa."

"Halilali," fundi alisema. "Limekufa."

"Maiti ndiyo kabisa. Zina chumba chake, kule nyuma."

Mke aligeuka. "Shikamoo, baba. Mama yangu yuko kwenye mashine. Anatakiwa kurudi keshokutwa na hatuna gari la kumvusha. Mjini hatuna ndugu. Nikitandika turubai hapa nyuma, nikalala naye, atakuwa ameshafika kabla nesi hajaamka."

Mlinzi alilitazama gari: matairi, turubai, boneti iliyokuwa haijafungwa vizuri. "Mpaka mwisho wa wiki," alisema. "Jumatatu bwana mkubwa anapita kukagua. Jumatatu mimi sijawahi kuwaona."

"Ahsante, baba."

"Sijawahi kuwaona tangu sasa," mlinzi alisema, akaondoka.

Mama mkwe alitolewa alasiri kwa kiti cha magurudumu. Uso ulikuwa umerudi rangi yake, kifua kilikuwa chepesi kidogo, miguu ilikuwa vilevile. Alisikiliza mpango wote, kisha akaukagua mwili wa pikapu kama mtu anayeoneshwa chumba cha kupanga.

"Chumba kina upepo," alisema. "Mkwe, na kandambili yangu?"

Fundi aliichukua sakafuni mwa gari. Kisigino kilikuwa na duara la kina lililochongwa na mdomo wa bomba. Mama mkwe aliligusa kwa kidole.

"Imepigwa muhuri. Hii ilikuwa ya mume wangu, unajua. Hakupenda mtu aichezee."

"Niwie radhi, mama."

"Alikuwa mkali kwa viatu tu." Akajaribu kuingiza mguu. Uliingia nusu, ukakataa. Akauacha hivyo.

Fundi alitandika turubai, akafunga kamba kwenye vyuma, akaacha nafasi upande ambao upepo haukutoka. Watoto walikuwa nyumbani ng'ambo ya mlima kwa jirani, na mtu alipaswa kuwa nao usiku huo. Alimwachia mke pesa zilizokuwa mfukoni na simu. Kisha akachukua lile jiwe nyuma ya gari, akaliweka mbele ya gurudumu la kushoto, akalisukuma kwa mguu mpaka likabana.

"Halina pa kwenda," mke alisema.

"Najua."

Akaanza kutembea kuelekea mlimani.